Ndiyo sista, nimeelewa

Bibi aliletwa na bodaboda saa tatu asubuhi, dereva mbele, yeye katikati, mjukuu nyuma kamkumbatia asianguke, na baada ya kuniitikia shikamoo yangu kitu cha kwanza alichosema ni kwamba mashine imemsalimia. Nikadhani kachanganyikiwa. Midomo imekauka, anahema kwa nguvu, anaomba maji, kamaliza chupa anataka nyingine. Mjukuu, kijana wa fomu wani, ndo akanieleza vizuri: leo siku ya tatu mashine ya kupimia sukari ya damu haitoi namba, inaandika HI tu, na yeye kiingereza anakijua bwana, akamwambia bibi yake hiyo ni salamu, labda ukipima mara nyingi inakuzoea.

Nilicheka jioni nikiwa nyumbani. Pale asubuhi sikucheka, maana HI sio salamu, ni mashine inasema sukari imepita pale inapoweza kuhesabu, na nyingi zinaishia 33.3. Na aliyemfundisha kutumia ile mashine ni mimi. Wiki mbili nyuma tulikaa benchi moja karibu nusu saa, nikamwonyesha kijiti kinaingia wapi, tone la damu linawekwa wapi, namba ipi nzuri ipi mbaya, mwisho nikamuuliza bibi umeelewa? Akanijibu ndiyo sista, nimeelewa. Na kweli alielewa kila nilichosema. Nisichosema ni kwamba kuna siku mashine itaandika herufi.

Alilazwa, akatundikiwa maji, akapewa insulini, siku ya nne akawa anagombana na manesi wa wodini kuhusu uji wao, hapo nikajua kapona. Ila mimi lile neno "ndiyo" likanikaa. Nikaanza kuhesabu nalisikia mara ngapi kwa Jumanne moja.

Mi ni nesi hapa Tanga, kliniki yetu ya kisukari ni Jumanne, na Jumanne ikiwa nzuri wanafika hamsini, ikiwa mbaya (maana yake dawa zimekuja) wanafika themanini. Wanaanza kupanga foleni kabla jua halijatoka, wana njaa kwa sababu tumewaambia waje hawajala, na katika hali hiyo ya njaa sisi ndo tunasimama mbele yao kuwafundisha habari za chakula. Somo la asubuhi tunaliita elimu ya afya. Kwa miaka mingi somo langu lilikuwa orodha ya usile. Usile wali mwingi, usile mkate mweupe, usile viazi, usile maembe yaliyoiva sana, soda usiiguse, asali usidanganyike ni sukari ileile. Halafu nauliza, tumeelewana? Benchi zima linaitika ndiyoooo, kama watoto wa chekechea. Wanatoka hapo wanavuka barabara kwenda kwa muuza chai, vijiko vitatu vya sukari na chapati mbili.

Nilikuwa nawakasirikia sana. Nawaona wabishi.

Kabla sijaendelea niseme kitu kuhusu huu ugonjwa, maana bado kuna watu wanadhani ni wa matajiri. Miaka ya 80 wataalamu walizunguka vijiji sita vya Tanzania wakipima watu wazima, wakakuta wenye kisukari hawafiki hata mmoja katika kila mia. Mwaka 2012 ukafanyika utafiti wa nchi nzima kwa watu wa miaka 25 mpaka 64, ikaja karibu 9 katika kila mia. Vipimo havikuwa vya namna moja kabisa na umri ulitofautiana, sawa, lakini hata ukipunguza na ukipunguza tena hiyo ni mlima. Mimi kwenye benchi langu nina wauza samaki, mafundi baiskeli, walimu wastaafu, shehe mmoja na dada mmoja wa saluni ana miaka 29.

Cha kwanza kubadilisha ilikuwa namna ya kueleza ugonjwa wenyewe. Zamani nilikuwa nachora kongosho ubaoni, kile kiungo kinachotengeneza insulini. Kongosho! Nani analijua kongosho, hata buchani haliulizwi. Siku hizi nawaambia hivi: chukulia damu ni stendi, sukari ni abiria, na kila kiungo cha mwili ni daladala inayosubiri abiria ili iondoke. Insulini ni konda, yeye ndo anafungua mlango. Kuna watu makonda wao wameisha kabisa, hao mara nyingi ni watoto na vijana, bila sindano ya insulini hawaishi. Na kuna watu, ndo wengi wetu hapa, makonda wapo ila milango imeshika kutu, konda anavuta anavuta mlango unafunguka nusu. Abiria wanajazana stendi, mashine inasoma 15, huku daladala zinaondoka tupu. Ndo maana una sukari nyingi mwilini na bado umechoka, bado una njaa. Hapo sijaona mtu anasema ndiyo. Hapo naona wanageukiana, mmoja anauliza, sasa hao abiria wakikosa gari wanaenda wapi? Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Nikamwambia wengine wanashukia chooni, ndo huo mkojo wa kila saa, wengine wanabaki wanavunjavunja stendi: macho, figo, mishipa ya miguu.

Na mfano huohuo unajibu lile swali linalowaudhi wengi, sista mimi tangu magharibi sijatia kitu mdomoni, hii 10 ya asubuhi imetoka wapi? Imetoka kwenye ini. Ini ni gereji, ina abiria wake imewaficha, alfajiri mwili ukianza kuamka inawaachia watoke, kwa mtu asiye na kisukari makonda wanawapokea, kwako wewe wanajaa stendi. Nina mama mmoja alikuwa anajinyima chakula cha usiku miaka miwili ili asubuhi apime vizuri, anapungua, anazidi kukasirika, na hakuna aliyemweleza habari ya ini. Hakuna maana yake mimi.

Sasa turudi kwa "ndiyo". Baada ya bibi wa HI nikajiwekea sheria, simuulizi tena mtu umeelewa. Namwambia nionyeshe. Tena najitupia lawama mwenyewe, maana ukimwambia mzee wa miaka sabini "hebu nione kama umeelewa" umemvunjia heshima, anakasirika na ana haki. Kwa hiyo nasema, babu mi huwa naeleza haraka haraka nasahau vitu, hebu nionyeshe unavyofanya nyumbani nione kama nimekueleza vizuri.

Wa kwanza kumwambia hivyo alikuwa mzee mmoja fundi baiskeli, anatumia insulini ya mchanganyiko, ile yenye ukungu kama maji ya mchele. Sukari yake ilikuwa haishuki, dokta kaongeza dozi mara tatu. Akatoa kichupa kwenye mfuko wa koti, akakitikisa kwa nguvu zote kama dawa ya kikohozi, povu limejaa, akavuta na povu lake, akapandisha shati. Upande wa kushoto wa kitovu pana kinundu kama limau. Anachoma hapohapo kila siku mwaka wa pili, nikamuuliza kwa nini, akasema hapo hapaumi. Bila shaka hapaumi, nyama imekufa ganzi, na dawa ukiichoma kwenye kinundu inaingia inavyotaka yenyewe, leo kidogo kesho nyingi. Nikashika kichupa nikaona ndani kuna vipande vipande vimeganda kwenye kioo haviondoki. Babu hii unaiweka wapi? Kwa jirani, kwenye friza la barafu. Si mlisema ikae baridini?

Tulisema. Nilisema mimi, kwa mdomo wangu, insulini ikae sehemu ya baridi. Jirani yake anauza barafu za shilingi mia, friza lake ndo sehemu ya baridi kuliko zote mtaani, mzee wa watu katii kupita kiasi. Insulini ikiganda imekwisha, hata ikiyeyuka hairudi, unajichoma maji ya bei ghali. Dozi ilipandishwa mara tatu kwa dawa ambayo ilishakufa, na fikiria siku anapewa kichupa kizima halafu anachoma dozi ileile kubwa. Tungemzika.

Kwa hiyo sasa nasema hivi, na huwa nakuja na vifaa kabisa. Chupa ambayo hujaifungua ikae kwenye friji, mlangoni au katikati, isiguse barafu, nyuzi 2 mpaka 8. Huna friji? Chukua chungu kikubwa, tia mchanga, lowesha, ndani weka chungu kidogo chenye mfuniko, dawa ndani ya mfuko wa nailoni isiguse maji, weka kivulini penye upepo. Bibi zetu walikuwa na maji ya baridi ya mtungi kabla hatujajua umeme, na njia ni hiyohiyo. Na chupa uliyoifungua wala usihangaike sana, ndani ya wiki nne inavumilia joto la ndani ya nyumba, ilimradi isikae juani wala juu ya kabati lililo karibu na jiko. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa utafiti, walichukua joto lilivyo kwenye kambi ya wakimbizi ya Dagahaley kule Dadaab, Kenya, linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, wakakuta insulini iliyokaa kwenye joto hilo wiki nne iko sawa na iliyokaa kwenye friji. Dadaab, jamani, sio Lushoto. Andika tarehe ya kufungua kwenye chupa kwa kalamu, ile yenye ukungu iviringishe kati ya viganja taratibu mara kama ishirini, usitikise, na kila siku hama sehemu, leo kulia kesho kushoto, tumbo, paja, kama unavyopanda mahindi, hupandi shimo moja.

Mzee siku hizi anawaonyesha wengine. Kinundu bado kipo lakini kinalainika.

Mashine zenyewe sasa. Mashine ya kupimia sukari sio ghali siku hizi, kinachoua ni vijiti, stripu, na kila mashine ina vijiti vyake, ukinunua vya kampuni nyingine haisomi. Mtu anapewa mashine zawadi na mtoto wake aliyeko nje, vijiti vikiisha hapa mjini havipo, mashine inageuka pambo la kabatini. Nilikuwa na mwalimu mstaafu binti yake kamletea mashine kutoka Marekani, akapima akaona 126, akaangua kilio, maana jirani yake ana 7 na tayari anaambiwa amezidi. Akaandika wasia, sikutanii, aliniletea nikausoma. Nikamwambia mwalimu, wewe si ulikuwa unafundisha hesabu, gawa hiyo kwa 18. Akakaa kimya, akagawa kichwani, akaanza kucheka mpaka machozi. Ni 7 ileile. Wamarekani wanahesabu kwa miligramu sisi kwa milimoli, kama futi na mita.

Na mikono. Osha mikono kwa maji na sabuni, kausha, ndo utoboe, pembeni ya kidole sio katikati, katikati panauma na ndo panakoshika kazi. Msimu wa maembe niliwahi kupigiwa simu saa mbili usiku, 19, mtu anataka kukodi bajaji aje hospitali, nikamuuliza ulikuwa unafanya nini kabla ya kupima? Namenya embe dodo la watoto. Nikamwambia kanawe upime tena. Ikaja 8. Alikuwa amepima embe.

Lakini nilitaka kuwaambia habari ya Mama Vitumbua, wengine wote hao walikuwa njiani tu.

Mama Vitumbua ni mama wa Makorora, mtu mzima wa miaka sitini na kidogo, anauza vitumbua barazani kwake tangu mimi niko shule. Anatumia vidonge vya kushusha sukari, metformini na vile vingine vidogo vya glibenklamidi. Miaka mitatu kila akija kliniki ni 14, 15, mara 16. Na kila akija namuuliza asubuhi umekula nini siku za kawaida, ananijibu chai ya rangi kavu sista, bila sukari. Nikaandika kwenye faili lake, kwa mkono wangu, kwamba mgonjwa hasemi ukweli. Naona aibu kuliandika hili lakini ndo nilivyoandika.

Siku moja nilikuwa natoka zamu ya usiku, saa kumi na mbili alfajiri, nikapita mtaani kwake nikasikia harufu ya iliki nikashindwa. Nikakaa kwenye kigoda pembeni nikamwangalia anavyofanya kazi. Karai limeshika moto, akamimina, akageuza, akatoa cha kwanza, akakila, kuangalia karai lipo sawa. Akamimina mkupuo wa pili, akala kimoja, kuangalia sukari imekolea. Mkupuo wa nne kimoja kikavunjika, hakiuziki, akakitia mdomoni huku anamhesabia mteja chenji. Vitumbua vitatu ndani ya nusu saa na mimi nimekaa hapohapo, na hakunificha, kwa sababu hapakuwa na cha kuficha. Ile ilikuwa kazi. Fundi seremala anapiga msumari anauangalia kama umenyooka, na yeye anaonja. Chakula kilikuwa ile chai ya rangi aliyokuja kunywa saa tatu akishamaliza kuuza, kavu, bila sukari, kama alivyoniambia miaka yote mitatu.

Nilirudi Jumanne nikaichana ile karatasi.

Tulikaa tukaongea upya, safari hii barazani kwake. Sikumwambia aache vitumbua maana vitumbua ndo ada ya wajukuu na kodi ya nyumba. Yeye mwenyewe ndo akasema, kama ni kuonja basi aonje mjukuu, yule wa darasa la tano ulimi wake mkali kuliko wangu. Vilivyovunjika viende kwa watoto. Tatizo likabaki moja, hakuwa anaamini. Akaniambia waziwazi, sista, kitumbua kidogo kama hiki kweli? Nikamwambia usiniamini mimi, pima.

Vijiti alikuwa navyo kumi na viwili, basi, hamna hela ya vingine mpaka mwisho wa mwezi. Sisi tunafundisha watu wapime kila asubuhi, ambapo ukiwa na vijiti kumi na viwili utapata asubuhi kumi na mbili zinazofanana na hujajifunza chochote. Nikamwambia tuvitumie viwiliviwili. Chagua chakula kimoja unachokitilia shaka, pima kabla ya kula, kula kama kawaida, halafu hesabu saa mbili kuanzia tonge la kwanza, pima tena. Ikipanda namba mbili tatu ni sawa, ikipanda sita saba hicho chakula au hicho kipimo ndo adui. Andika.

Akaandika kwenye daftari la madeni. Ndo daftari alilonalo. Aliponiletea kliniki nilicheka mpaka mhudumu akaja kuchungulia: mama wa nyumba ya bluu vinne hajalipa, mwalimu wa madrasa vitano kalipa nusu, vitumbua viwili 8.1 halafu 15.4, fundi cherehani kesho, wali sahani 7.6 halafu 14.2. Chini yake, wali kijiko kikubwa kimoja, mchicha mwingi, samaki: 7.8 halafu 10.1. Hapo kwa kalamu nyekundu kaandika neno moja, KUMBE.

Ile kumbe imefanya kazi ambayo mimi nimeshindwa miaka mitatu. Hakuwahi kuacha wali. Wali wa nazi kwa mtu wa Tanga unamwambiaje aache, atakuona mwendawazimu na atakujibu ndiyo. Kapunguza kipimo, kajaza mboga nusu sahani, matembele, mchicha, bamia, samaki au maharage robo, wali au ugali robo. Akajaribu bada, ugali wa mhogo, akitegemea mhogo haupandishi kwa sababu ni chakula cha shamba, ikapanda vizuri tu, akaninunia wiki nzima kama mimi ndo niliyeumba mhogo. Akajaribu chungwa moja la Muheza akalila zima na nyama yake, ikapanda kidogo. Akajaribu glasi ya juisi ya machungwa hayohayo, na akahesabu mwenyewe glasi moja imekula machungwa manne. Sikuwa na haja ya kueleza.

Faili lake la sasa linasoma 8, 9, mara moja moja 7. Kile kipimo cha miezi mitatu, wanachosoma sukari iliyogandana na chembe nyekundu za damu, chenyewe kinahesabiwa kwa asilimia, kilikuwa zaidi ya 11, mara ya mwisho 7.6. Sio malaika. Kwenye harusi ya mpwa wake alikula biriani sahani mbili na akaandika: biriani, harusi, usiniulize.

Miguu niiseme haraka maana ni habari ndefu ya siku yake. Kila usiku kabla ya kulala, kioo kidogo cha kunyolea chini ya unyayo, taa, angalia vidonda, malengelenge, katikati ya vidole. Kama huoni vizuri mjukuu aangalie. Mfumbe macho, akuguse taratibu ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho, miguu yote miwili, useme unaguswa wapi, ukikosa viwili au zaidi uje tuangalie. Usiote moto, usitie miguu kwenye maji ya moto bila kupima kwa kiwiko, hujui ni ya moto mpaka ngozi itoke. Na chandarua chomekea chini ya godoro, tena sio kwa mbu tu. Madaktari wa Dar es Salaam waliandika kwenye jarida la kitabibu mwaka 2005 kuhusu wagonjwa wanaoliwa miguu na panya usiku, hawasikii, wanaamka shuka ina damu. Nikisema hilo benchi zima linanyamaza, na wiki inayofuata naona viatu.

Kitu cha mwisho nilichomfundisha Mama Vitumbua ndo kilichokuwa kigumu, sukari kushuka. Kupanda wanakuogopa wote, kushuka hawakujui, na kushuka ndo kunakoua ndani ya saa. Kutetemeka, jasho la baridi, moyo mbio, njaa ya ghafla, kuongea hovyo. Hapa kwetu mtu akianza kuongea hovyo jioni watu wanawaza jini kwanza, ubani unawashwa, wanasoma dua, na dua ni nzuri lakini mpe sukari huku unasoma. Chini ya 4 usisubiri. Vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, ile ya "ziro" haina msaada, subiri robo saa, pima tena, bado iko chini rudia, ikipanda kula chakula. Akizimia usimmiminie kitu mdomoni, mlaze ubavu, kimbiza hospitali.

Ramadhani ilipokaribia alikuja mwezi mmoja kabla, mwenyewe, hajaitwa. Dokta akakaa naye, akampunguzia vile vidonge vidogo, dozi akahamishia kwenye ftari, akamwambia ukweli kwamba kwa dawa zako ingekuwa bora usifunge. Yeye akasema atafunga. Shehe wetu wa benchini akamwambia kutoboa kidole hakubatilishi swaumu, na kwamba mgonjwa karuhusiwa alipe siku nyingine, imo kwenye Qur'ani kwenye suratul Baqara. Akaitika, ndiyo shehe. Ile ndiyo niliifahamu, ni ile ya kwangu ya zamani. Tukakubaliana apime mchana na alasiri, chini ya 3.9 anafungua, juu ya 16 anafungua, hata kama imebaki dakika kumi. Nikamwambia nionyeshe. Akaenda ndani akarudi na soda, akaiweka chini ya meza ya vitumbua, akaifunika na kanga. Basi.

Siku kumi za mwanzo safi. Siku ya kumi na moja, saa kumi alasiri, ujumbe: 4.6. Nikamjibu kaa chini, usisimame jikoni, pima tena baada ya saa moja au ukisikia kitu. Nikaendelea na kazi lakini simu mkononi. Saa kumi na moja ikaingia: 3.8. Imebaki saa moja na nusu adhana ya magharibi. Nikapiga, haikupokelewa. Nikapiga tena, haikupokelewa, nikaanza kutafuta ufunguo wa pikipiki, na kichwani namwona kakaa pale barazani, mikono inatetemeka, anaangalia jua, anajiambia ni saa moja na nusu tu nitavumilia, maana ndivyo walivyo, ndivyo mama yangu alivyokuwa.

Mara ya tatu akapokea. Sikusikia salamu, nikasikia mtu anameza.

"Mbona hupokei simu mama?"

"Nitapokeaje mkono mmoja una soda. Nishafungua, nitailipa. Hebu kata sista, nahesabu robo saa yangu nipime tena."

Akakata yeye.